Sharti la Nne la Adano

Adano alijua kesi imekufa kabla hakimu hajaingia. Alijua kwa pua. Harufu ya buni zinazokaangwa kwa samli ilipanda ukuta wa nyuma wa mahakama ya Isiolo, ikaingia dirishani, ikakaa kati ya meza ya karani na kizimba kama shahidi aliyeitwa jina. Adano alifunga daftari lake.

"Ya tano," alisema.

"Ya sita," Roda, mpiga taipu, alimsahihisha bila kuinua macho. "Umesahau ile ya jino."

Kweli alikuwa ameisahau ile ya jino. Mtu wa Kulamawe alimng'oa mwenzake jino kwa rungu, jino lenyewe likaletwa mahakamani ndani ya kiberiti, mashahidi watatu wakaapa, na siku ya hukumu mwenye pengo akasimama mbele ya hakimu, midomo inang'aa samli, akasema jino lile hata hivyo lilikuwa linamsumbua siku nyingi.

Waborana wakipatana, hukaanga buni nzima za kahawa na maganda yake ndani ya samli. Bakuli la mti linazunguka, kila mtu anachota, anatafuna. Ukishatafuna, maneno yamekwisha, na anayeyafufua anapata aibu kubwa kuliko ya yule aliyekosa. Bwana Mbae, mtu wa Meru aliyekuwa D.O., ofisa wa serikali wa eneo, na hakimu kwa pamoja, alikuwa ameshazoea. Kosa likiwa dogo na sheria ikiruhusu, aliandika "imeondolewa", akapiga mhuri, akaita kesi nyingine. Watu walitoka nje wakicheka. Aliyebaki na hasira alikuwa Adano mkalimani peke yake, ambaye hakupigwa wala hakuibiwa.

Hasira yake ilitoka kwenye karatasi moja. Ilikuwa imekunjwa mara nane na ilikaa mfuko wa shati lake jeupe, shati ambalo alilifua kila Jumamosi na kulikausha juu ya miiba ya ua la kambi. Ilikuja Januari mwaka wa 1966, kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Ilisema kuna nafasi mbili kwa makarani na wakalimani wa mahakama za Afrika Mashariki, wasome shahada ya mambo ya jinai, miaka mitatu, polisi na mahakama na magereza ndani ya somo moja. Masharti yalikuwa manne na yote yafike kabla ya mwisho wa Agosti.

Cheti cha tabia njema alikimaliza wiki ile ile ya Januari. Sajini M'Ikiara wa polisi alimchovya vidole kumi kwenye wino, akavibonyeza kimoja kimoja juu ya fomu, akamwambia, "Sasa ukiiba tutakujua." Adano alicheka. Alifurahi kuwa sharti moja limelala mapema.

Cheti cha shule kilimtesa. Alikuwa nacho, tena amefaulu Kiingereza vizuri, lakini kilikuwa ndani ya sanduku la bati kwa dada yake, kijiji cha Rapsu, na siku zile mtu hakutoka Isiolo bila kibali. Zilikuwa siku za vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, na Waborana walikuwa wamekusanywa kambini. Waborana waliziita daaba, yaani kusimamishwa: mtu amesimamishwa, ng'ombe amesimamishwa, barabara imesimamishwa. Kibali kilichukua wiki tatu. Alipofika Rapsu akagundua wamemwandikia ruhusa ya kwenda, ya kurudi hawakuandika. Alikaa kwa dada yake siku kumi na moja akila mahindi ya kuchoma na kusoma cheti chake.

Halafu barua mbili za watu wanaomjua ambao si ndugu zake. Hapo Roda alicheka mpaka akaondoa mikono kwenye taipureta. "Mborana asiye ndugu yako utamtoa wapi? Hata yule unayemchukia ni binamu." Barua moja aliandika Bwana Mbae. Ya pili aliandika mwalimu wake wa zamani, na ilikaa Nanyuki mwezi mzima ikingoja msafara wa magari ya jeshi, kwa sababu barua nazo hazikuvuka barria, kizuizi cha barabarani, peke yake.

Likabaki la nne. Aliposoma sharti hilo mara ya kwanza alilidharau, akaliacha la mwisho. Lilisema mwombaji aandike ripoti ya kesi moja ya jinai aliyoifuata mwenyewe tangu siku ya mashtaka mpaka mwisho wake kwa hukumu, na hakimu aitie sahihi. Mtu anayeshinda mahakamani tangu asubuhi mpaka saa tisa, atakosaje kesi moja? Lakini Februari ilipita, Machi ikapita, na kila kesi aliyoifungulia daftari iliishia kwenye bakuli. Nyingine zilikufa kwa njia zao. Shahidi mmoja alihamishwa kambi akapotea. Mshtakiwa mwingine alitoka dhamana akaenda na ngamia wake, na hakuna askari aliyetaka kumfuata huko.

"Wewe mkalimani unaatamia mayai viza," M'Ikiara alimwambia.

Adano hakuwa mtu wa majibu ya haraka, na kazi yake ndiyo ilimfanya hivyo. Mkalimani husema kama alivyosema mwenyewe. Mshtakiwa akisema "mimi niliiba", mkalimani naye husema "mimi niliiba". Miaka minne Adano alikuwa amesema mimi niliiba, mimi nilipiga, mimi naomba huruma, mimi sina baba, na hata "mimi" moja haikuwa yake. Alichotaka kwenye shahada ile ni hicho tu. Alitaka siku moja asimame ndani ya chumba kile, afungue mdomo, na yatoke maneno yake.

Mwezi wa saba ikaja kesi ya Kaimenyi.

Kaimenyi alikuwa muuza miraa, Mmeru wa Tigania, mfupi, kofia haimtoki kichwani. Alikuwa Isiolo miaka mingi na alikuwa na punda mmoja wa kijivu ambaye alimsifu kuliko wanawe. Asubuhi moja punda hakuwepo, na magunia mawili ya unga yaliyokuwa mgongoni mwake hayakuwepo. Jioni yake askari wa doria wakamkamata Hirbo upande wa Ngaremara, nje ya mpaka wa kambi, anamswaga punda yule yule na unga juu yake.

Hirbo alikuwa mchota maji, baba wa watoto watatu. Punda wake wawili walikufa kwa risasi mwaka wa kwanza wa vita, na hakuna aliyesema risasi ilikuwa ya nani. Alisema aliazima punda, unga hakuuona mpaka alipofika mbali, na alikwenda kutafuta kuni za mama yake. Hakuna aliyeamini habari ya unga. Hata Adano alipoitafsiri, sauti yake ilipungua hapo.

Lakini moyoni alifurahi, na furaha hiyo haikumpendeza. Mlalamishi ni Mmeru. Mmeru hatatafuna buni. Alimfuata Kaimenyi sokoni akahakikisha.

"Watakuja kukuomba mpatane, Mzee Kaimenyi."

"Waje. Mimi nataka hukumu."

"Watakuja na buni."

"Kwetu kahawa tunapanda, tunauza. Hatuli kama njugu."

"Simama hapo hapo, mzee. Haki ni haki."

"Nimesimama. Si unaniona?"

Adano alifungua daftari jipya. Siku ya mashtaka akaandika yote. Siku ya ushahidi Kaimenyi alipanda akasema yake kwa Kiswahili cha soko, kwa hasira, kidole kinamwelekea Hirbo: huyu ni mwizi, baba yake alikuwa mwizi, na nyumba yao nzima inaishi kwa jasho la watu. Bwana Mbae alimwonya, lakini maneno yalikwishatoka, na mshtakiwa lazima asikie kila kinachosemwa juu yake. Adano akayageuza Kiborana, neno kwa neno, kwa sauti yake safi ya mahakamani. Nyuma ya chumba, mama yake Hirbo, Batula, aliinua macho akamtazama. Hakumtazama Kaimenyi.

Aliyeharibu mambo alikuwa punda. Kwa kuwa ndiye mali iliyoibwa, alikuwa kielelezo, na kielelezo hakirudi kwa mwenyewe mpaka hukumu. M'Ikiara alimfunga karibu na tangi la maji, akamvisha shingoni kipande cha kadibodi kilichoandikwa KIELELEZO A. Punda aliila kadibodi siku ya pili. Wakaandika nyingine. Alilia kila Bwana Mbae alipoanza kusoma kitu, mpaka Bwana Mbae akawa anangoja amalize. Na Kaimenyi, ambaye miraa yake ikikaa siku mbili haina mnunuzi, alianza kuibeba mwenyewe kichwani, imefungwa kwa majani ya migomba, kutoka stendi mpaka sokoni, chini ya jua la Isiolo, akipita mbele ya punda wake aliyenona kwa majani ya serikali.

"Huyu mwizi yuko lokapi anakula bure," alisema siku ya tisa. "Punda yuko polisi anakula bure. Anayeadhibiwa ni mimi."

"Hukumu iko karibu," Adano alisema.

"Wewe kila siku karibu. Karibu yako ni ya wapi?"

Jumatano M'Ikiara aliingia ofisini, akakaa juu ya meza ya Roda, akamwambia Adano habari aliyoiona ni nzuri. Amechoka na kesi hii. Kama hao watu hawajapatana kufikia Ijumaa, ataongeza shtaka la pili, la kupeleka chakula nje ya mpaka wakati wa hali ya hatari. "Hilo haliondolewi kwa kahawa. Hilo lina miaka, si miezi. Bwana Mbae anamaliza Jumatatu, Jumanne ripoti yako inapanda msafara. Umepata yai zima, mkalimani."

Roda aliacha kupiga taipu. "Na kama huo unga umeshaliwa, utathibitishaje?"

"Unga haujaliwa. Uko stoo yangu. Ni kielelezo B."

Alhamisi asubuhi, saa nne, Adano alisikia harufu. Alikaa kwenye kiti chake bila kusimama. Alijiambia labda ni ya watu wengine. Labda kuna harusi. Halafu askari mmoja akachungulia mlangoni akasema, "Mkalimani, unaitwa nyuma."

Nyuma ya mahakama, kati ya tangi na ukuta, watu walikuwa wameketi juu ya ngozi. Walikuwepo wazee wanne wa kambi, na Hirbo ametolewa lokapi na pingu mkono mmoja, na Kaimenyi na kofia yake, amekaa juu ya debe kwa sababu magoti hayakubali chini. Mbele ya Batula bakuli la mti lilikuwa linatoa moshi mwembamba. Hirbo alikuwa ameshika majani mabichi mkononi, kama anavyoshika mtu anayeomba.

"Salaam aleikum," Adano alisema.

"Aleikum salaam. Kaa."

"Mzee Kaimenyi," Adano alisema kwa Kiswahili, akiwa bado amesimama, "si ulisema huli kama njugu?"

Kaimenyi alitazama pembeni. "Ndio maana nimekuita. Uwaambie nitatafuna mbili tu. Hirbo atanichotea maji miezi miwili, na punda nampata leo. Waambie leo. Kichwa changu kimeota upara wa mizigo."

Adano aliwaambia. Wazee walikubali. Alidhani kazi yake imekwisha, akageuka aende, akachome daftari au alitupe kwenye tangi, hakujua. Batula akamwita.

"Wewe unaenda wapi?"

"Ndani, aayo," alisema, kama mtu anavyomwita mama kwa Kiborana. "Nina kazi."

"Anza wewe." Alimsogezea bakuli.

"Aayo, mimi si mtu wa kesi. Mimi ni mkalimani."

"Huyu mzee wa kofia," Batula alisema, na sauti yake haikupanda, "mimi sijui alisema nini. Kiswahili chake sikukisikia. Nilisikia wewe. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu na shati jeupe ukamwita mwanangu mwizi. Ukamwita marehemu mume wangu mwizi. Kwa Kiborana kizuri, hata hukukosea pahali. Usipotafuna wewe, nani amepatana na mimi?"

Adano aliwageukia wazee wamsaidie. Mmoja alikuwa anakuna mguu. Mwingine alisema, "Mama ana haki." Wa tatu alisema kama mdomo uliopita matusi haujapita buni, hapo hakuna kitu kilichokwisha, afadhali Hirbo arudi lokapi wangoje serikali.

"Wanasema nini?" Kaimenyi aliuliza.

Adano hakutafsiri. Alikuwa anafanya hesabu fupi sana. Akikataa, watu hawa watanyanyuka mmoja mmoja, kesho ni Ijumaa, M'Ikiara ataandika shtaka lake, Jumatatu hukumu, Jumanne msafara. Hakuhitaji kusema uongo wala kugeuza neno la mtu. Alihitaji tu kuondoka. Mtu kukataa kula si kosa katika sheria yoyote aliyowahi kuitafsiri.

Hirbo alikuwa anamtazama. Hakuomba. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka kuliko mwoga, na majani mkononi yalishaanza kunyauka.

"Wewe Hirbo," Adano alisema, na hasira ya miezi saba ikapanda yote, "unga uliuona au hukuuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwa wa nani?"

"Wa watoto wangu. Kule Ngaremara kuna mtu angenipa mbuzi wa maziwa kwa gunia moja. Watoto wana wiki tatu bila maziwa."

"Na mahakamani ukasema kuni."

"Wewe ndiye uliyesema kuni. Mimi nilisema Kiborana."

Mzee mmoja alicheka kwa pua. Hata Batula midomo yake ilisogea kidogo. Adano alikaa chini, juu ya vumbi, na suruali yake ya kazi. Alichota buni tatu, moto, samli ikamtiririka mpaka kiwiko na kuingia mkono wa shati. Akatafuna. Zilikuwa chungu.

"Mimi," alisema, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa anangoja mtu aseme ndipo afuate. Hakuna aliyesema. "Mimi nilimwita mume wako mwizi, aayo. Nisamehe."

"Imekwisha," Batula alisema, akapeleka bakuli kwa Kaimenyi, ambaye alitafuna mbili, akatulia, akachukua ya tatu.

Usiku huo Adano hakuandika kitu. Ijumaa aliandika. Aliandika kwa sababu daftari lilikuwa limejaa na karatasi za serikali haipendezi kuzitupa. Aliandika mashtaka, ushahidi, kadibodi iliyoliwa, na mwisho akaandika yaliyotokea nyuma ya tangi, kwa mpangilio, nani alikaa wapi na nani alisema nini. Mahali pake aliandika: mimi nilitafuna wa kwanza. Roda alipiga taipu kurasa kumi na mbili bila kumtania, ila pale kwenye magoti ya Kaimenyi.

Bwana Mbae alisoma yote akiwa amevaa miwani. "Wanataka mwisho kwa hukumu."

"Ndiyo, bwana."

"Mimi sikuhukumu. Niliandika imeondolewa."

"Bwana, kila mtu amekwenda nyumbani kwake, na hakuna hata mmoja atakayerudi hapa kwa maneno hayo. Kama huo si mwisho, mimi sijui mwisho ni nini."

"Usinifundishe kazi, Adano." Halafu akachukua kalamu, akaandika chini: Kesi hii iliisha. Niliona kutoka dirishani. Akatia sahihi. "Watakukatalia."

"Najua."

Jumanne bahasha ilipanda msafara. Agosti ikaisha, Septemba, Oktoba. Adano aliendelea kuiba na kupiga na kuomba huruma kwa maneno ya watu. Hakufungua daftari lingine.

Jibu lilikuja Novemba, limefunguliwa na kufungwa tena na watu wa barria. Roda alisimama nyuma yake wakasoma pamoja. Ripoti ya sharti la nne imepokelewa. Wamesoma wakubwa watatu wa idara na wameona mwombaji anafaa; wangependa kujua zaidi juu ya buni. Hata hivyo, cheti cha tabia njema kina zaidi ya miezi sita na hakiwezi kutumika. Nafasi itangoja mpaka mwaka ujao, iwapo cheti kipya kitafika kabla ya mwisho wa Februari.

Roda alijaribu kuzuia kicheko, ikashindikana. Adano hakucheka. Alikunja barua mara nane, akaenda polisi.

"Vidole vyako vimebadilika?" M'Ikiara aliuliza.

"Havijabadilika, Sajini."

"Tabia?"

"Sijui. Nilikula kielelezo cha amani. Chovya tu, Sajini."

M'Ikiara alimchovya vidole kumi kwenye wino, polepole, kama anayeosha mtoto. Halafu akafungua droo. Akafungua ya chini yake. Akasimama akatazama juu ya kabati.

"Fomu zimekwisha," alisema. "Ziko njiani. Zinangoja msafara. Wewe kaa hivyo hivyo, usiguse kitu changu."

Adano alitoka akasimama nje ya kituo, mikono mbele, vidole vimetanuka, asiguse shati. Hirbo alipita barabarani anamswaga punda wa kijivu mwenye madebe mawili ya maji, akielekea sokoni kwa Kaimenyi. Ile miezi miwili ilikuwa imeshapita. Alikuwa bado anachota.

"Nagaa, Adano," Hirbo alimsalimia. "Wamekukamata?"

"Bado," Adano alisema. "Hawana karatasi."